Jina la Pili

"Huyu mtoto wa nani?" Mwalimu Queen aliuliza, na wanawake wawili waliosimama mbele ya meza yake wakatazamana.

Lilikuwa swali jepesi. Asubuhi ile alikuwa ameshawauliza wazazi wengi, na wote walijibu kabla hajalimaliza. Hawa wawili walinyamaza. Mmoja, mrefu, wa sketi ya ofisini na raba zenye udongo mwekundu, alimtazama mtoto kana kwamba mtoto ndiye aliyeulizwa. Mwingine, mfupi, mwenye khanga kiunoni na nyingine kichwani, alisogea mbele.

"Wa kwangu," alisema. "Nilimwokota."

"Ulimwokota wapi?"

"Njia ya jalalani, nyuma ya soko. Napita na ndoo yangu kutafuta maji, namkuta huyo kafungwa kwenye kitambaa. Nikamwita Sijaona. Andika, mwalimu, wenzetu wanasubiri."

Mwalimu Queen alikuwa mzaliwa wa Dodoma, na hapo Newala bado alikuwa mgeni. Alidhani anataniwa, kama alivyotaniwa siku alipouliza bomba la maji liko wapi. Akamgeukia yule mrefu. "Na wewe, dada?"

"Huyo Mama Joel, bibi shamba," mfupi alidakia. "Nilimuuzia. Anamlisha, anamlaza. Lakini mama ni mimi. Naitwa Pili."

Ethel, ambaye ndiye Mama Joel, hakusahihisha neno. Aliweka mezani kidumu cha mafuta ya kula kilichojazwa maji, maana kila mtoto alitakiwa kuja na maji yake. Bila maji hakuna uji. Alikuwa na diploma ya kilimo. Alizoea kusimama mbele ya wenyeviti wa vijiji na kuwaambia kwamba mikorosho yao inakufa kwa uvivu wao. Sasa msichana wa umri wa mdogo wake alikuwa akiandika mbele yake kwamba mtoto aliyetoka tumboni mwake ni wa mwanamke mwingine, naye aliinama kuangalia kama jina limeandikwa sawasawa.

"Na Joel anasoma wapi?" Queen aliuliza kwa adabu.

"Yuko Masasi."

"Shule ipi? Nina rafiki anafundisha Masasi."

"Hasomi."

Pili alikohoa. "Mwalimu, hayo maji yasogeze kivulini. Yatachemka kabla ya sufuria."

* * *

Watoto wengi walilia siku ile. Mmoja alimng'ang'ania mama yake mguu hadi khanga ikafunguka, watu wakacheka. Sijaona hakulia. Alikwenda kukaa kwenye jamvi, akanyoosha miguu mbele yake, akawatazama wanaolia kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Pili aliondoka kwenda kuuza vitumbua vyake. Ethel alifika barabarani, akarudi, akasimama nyuma ya ua wa minyaa. Ndani walikuwa wameanza kuimba wimbo wa vidole, kidole cha kwanza kinauliza chakula kiko wapi, cha pili kinajibu. Aliujua. Aliusikia Masasi akiwa amesimama hivi hivi, nje ya chekechea nyingine, Jumatatu, mkono wake ukiwa bado na jasho la mkono wa Joel.

Siku ile alisema kwa sauti iliyofika barazani, "Huyu mwanangu. Mtunze." Mwalimu wa kule alicheka, akasema atamtunza. Jumatano mtoto alirudi na homa. Jumamosi walimzika. Daktari alisema malaria imepanda kichwani, na Ethel, ambaye aliwahi kufundisha semina nzima kuhusu madimbwi na mazalia ya mbu, alimwelewa daktari vizuri sana. Kisha akazaliwa Cecil, akafa kabla hata ya arobaini yake. Daktari akasema jambo jingine, na Ethel akalielewa nalo.

Alipozaliwa wa tatu, wa kike, wakiwa wameshahamia Newala, mama yake Ethel alipanda gari kutoka Chidya. Bibi Mabel alikuwa mjane wa katekista, mwenye kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama wa kanisa, na alikuja nacho kichwani. Hakusema mengi. Alimfunga mtoto kwenye khanga chakavu, akambeba hadi njia ya jalalani, akamlaza pembeni penye maganda na majivu, akaondoka bila kugeuka. Pili, jirani, alipita na ndoo kama walivyopatana. Akamwokota. Akatangaza kwa sauti kwamba kuna mtu katupa kitoto kibaya, kisicho na faida, na kwamba yeye anakichukua kwa sababu hana kazi. Halafu akaja nacho mlangoni kwa Ethel, akamuuzia kwa jembe lililovunjika.

"Mimi ni mtu wa kanisa," Bibi Mabel alisema jioni ile. "Lakini nimezika wajukuu wawili. Sasa sikiliza. Hadi huyu ang'oke jino la kwanza, usimwite mwanangu. Si ndani wala si nje. Usiitwe kwa jina lake. Wakijua ni wako, watamfuata."

"Kina nani?"

Mama yake aliinuka, akafunga dirisha.

Basi Ethel hakumwita. Alimwita Sija, alimwita wewe, alimwita mtoto wa Pili. Ofisini akiomba ruhusa ya kuuguza, alisema "kuna mtoto pale nyumbani." Na kwa kuwa watu huitwa kwa watoto wao, Pili, ambaye wanaume wawili walimwacha kwa sababu hazai, ambaye mji mzima ulimwita Pili kama anavyoitwa mtoto, alianza kuitwa Mama Sijaona. Ethel alibaki Mama Joel. Hata Sijaona alipojifunza kusema, alimwita hivyo. Mama ni Pili. Huyu anayempikia, anayemwogesha kwa kikombe kimoja cha maji na kulala naye kitanda kimoja, ni Mama Joel.

* * *

Gasper, mume wa Ethel, alikuja jioni ya siku ya pili kwa lori la magunia. Zamani alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika. Chama kiliposhindwa kuwalipa wakulima na matajiri wakaruhusiwa kununua korosho wenyewe, yeye alifungiwa ghala akiwa nje. Sasa alishika mizani ya tajiri mmoja Masasi, na alikuwa amejifunza kusema "bosi".

Alimkuta Sijaona amelala mapema. Ethel alikuwa ameweka kiganja shingoni mwa mtoto.

"Ana homa?"

"Hana."

"Basi mtoe mkono alale."

Ethel aliutoa mkono, akaenda kumwekea chakula. Alimweleza kuhusu mwalimu na lile swali. Gasper aliacha kutafuna.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Useme ukweli. Wewe si mtu wa kijijini, Ethel. Una cheti ukutani. Unapanda jukwaani kuwaambia watu ugonjwa wa mkorosho ni vimelea, si uchawi, wanunue salfa wapulizie. Halafu nyumbani kwako mtoto kazaliwa jalalani."

"Umemaliza?"

"Sijamaliza. Jambo lile lilikuwa la mama yako. Mama yako yuko Chidya."

"Sawa," Ethel alisema. Alikunja mikono. "Mwite wewe. Mimi ndiye niliyekatazwa, wewe hukukatazwa. Mwamshe ale. Sema, mwanangu, amka ule."

Taa ya chemli ilikuwa imepungua mafuta na ikawa inapumua. Gasper alifuta vidole. Alitazama mlango wa chumba, kisha dirisha lililokuwa wazi, kisha mlango tena.

"Sija," aliita. "Ee, Sija. Njoo ule."

Hawakulizungumza tena. Asubuhi akarudi Masasi na lori lake.

* * *

Siku ya tatu, wakati wa uji, Filemoni, mtoto wa mwenye mashine ya kusaga, alimwuliza Sijaona, "Mama yako yupi, yule mrefu au yule wa vitumbua?"

"Wa vitumbua."

"Ndiye aliyekuzaa?"

"Hakunizaa. Aliniokota jalalani."

Alisema kwa fahari. Nyumbani hadithi hiyo ilisimuliwa kila mara, na yeye ndiye aliyekuwa mtu muhimu ndani yake. Hakutegemea kicheko. Filemoni alicheka hadi uji ukamtoka puani, akaacha kikombe, akaanza: jalala, jalala. Wenzake wakapokea. Ulikuwa wimbo mzuri kwa sababu ulikuwa mfupi. Mwalimu Queen aliwakemea. Kisha, kwa nia njema, akawakalisha na kuwafundisha kwamba mama ni mtu aliyekuzaa na kukunyonyesha, na kila mmoja ana wake mmoja tu.

Jioni Ethel alikuwa akitwanga kisamvu. Sijaona alisimama mbele ya kinu.

"Mama Joel, nani alinitupa?"

Mtwangio ulikaa juu kidogo, kisha ukashuka. "Kamwulize mama yako."

Pili alikuwa upande wa pili wa ua, akiosha karai la vitumbua kwa mchanga ili asimalize maji. Alipoulizwa alicheka. "Mtu mmoja mpumbavu. Ana macho lakini haoni. Katupa lulu, mimi nikaokota."

Sijaona naye alicheka, kwa sababu Pili alikuwa akicheka. Halafu akaacha. "Anakaa wapi?"

"Nani?"

"Mpumbavu."

Pili alisugua karai. Ethel alitwanga. Kisamvu kilikuwa kimeshalainika zamani, lakini aliendelea kutwanga.

* * *

Alhamisi ilikuwa siku ya akina mama kupeleka maji ya kupikia na kukaa kikao. Bomba la mji lilikuwa halijatoa tone tangu mwezi uliopita. Waliopanda na baiskeli na madumu kutoka bondeni waliuza maji kwa bei waliyojisikia. Ethel alinunua ndoo nzima. Aliibeba mwenyewe kichwani, kwa sketi yake ya ofisini, akaitua mlangoni mwa chekechea. Akaingia na kukaa kwenye benchi.

Mwalimu Queen alimjia karibu, akainama ili wengine wasisikie, ingawa walisikia. "Samahani, Mama Joel. Tumesema leo wazazi tu. Wakija walezi na majirani, benchi halitoshi. Mama yake amefika, yule pale."

Wanawake waligeuka. Wengine walijua habari yote na wakatazama chini. Ingekuwa mkutano wa kijiji, Ethel angemwuliza mwalimu nani kamfundisha kazi. Alisimama, akajikung'uta sketi.

"Ndoo nitaifuata kesho," alisema.

Alikaa nje kwenye jiwe. Ndani walizungumzia kuni, jamvi, sufuria iliyotoboka. Kisha wakaanza maneno yao mengine. Sauti ya mwanamke mmoja ikauliza, "Na wewe Mama Sijaona, huyo wako alikusumbua kuzaa? Maana ana kichwa."

Huyo hakuwa anajua. Pili hakuwahi kukaa benchi moja na wanawake wakiongea mambo hayo. Siku zote walinyamaza akipita. Alitazama mikono yake.

"Sana," alisema. "Alinisumbua sana kutoka. Nilidhani nakufa."

Nje, Ethel alijishika tumbo bila kujua. Ni yeye aliyedhani anakufa. Akasikia wanawake wakimpa Pili pole, na Pili akiipokea.

* * *

Ijumaa Pili alipata habari ya msiba Ndanda, akaondoka alfajiri. "Mchana umpitie wewe," alimwambia Ethel. "Amezoea kunisubiri mlangoni. Usichelewe."

Ethel alichelewa. Alikuwa kijijini chini ya ukingo wa milima, ambako wakulima walitaka kujua kwa nini salfa iliyogawiwa na serikali miaka yote sasa inauzwa dukani kama sukari, na kwa nini waamini kwamba huyo mwenye duka hajaichanganya na unga wa muhogo. Hakuwa na jibu zuri. Aliwajibu vibaya, wakakasirika, ikabidi aanze tena kwa upole. Aliposukuma baiskeli kuupanda mlima jua lilikuwa limeshaegemea magharibi.

Uwanja wa chekechea ulikuwa mtupu. Mwalimu Queen alikuwa akikwangua sufuria.

"Sijaona yuko wapi?"

"Si kachukuliwa na mama yake?" Queen alisimama. "Alikuwa hapo mlangoni. Nilikwenda nyuma kuosha, niliporudi hayupo. Nikajua mama yake kampitia."

"Mama yake amesafiri."

Alijisikia akiyasema maneno hayo. Queen alianza kulia. Akasema Filemoni ndiye aliyekuwa wa mwisho kuchukuliwa, na kwamba yeye mwenyewe alimsikia akimwambia Sijaona kwamba leo katupwa tena. Ethel hakumgombeza. Aliiacha baiskeli ianguke, akaenda.

Nyumbani mlango ulikuwa umefungwa. Kwa Pili kulikuwa na kufuli. Alipita nyumba kwa nyumba, akisikia sauti yake ikiuliza: mmemwona mtoto wa Pili, mmemwona mtoto wa Mama Sijaona? Watu walijibu kwa huruma ya kawaida, ile wanayompa jirani anayetafuta mtoto wa jirani. Hakuna aliyeacha kazi yake. Sokoni muuza dagaa alisema kamwona akipita na kidumu, amevaa yunifomu, anatembea kama anajua anakokwenda. "Mama yake si ndiye Pili? Mwambie amfunge kamba," akasema, akamfukuza inzi.

Nyuma ya soko moshi wa jalala ulikuwa chini, hauendi popote. Ethel hakuwa amepita njia ile tangu mtoto azaliwe. Takataka zake alichoma mwenyewe nyuma ya nyumba. Alifika mahali panapoanza maganda na mifuko ya rambo, akamwona. Sijaona alikuwa amekaa pembeni ya njia, miguu ameinyoosha, kidumu mapajani. Mbele yake alisimama kikongwe, Bibi Esther, mwenye mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Afadhali umekuja, Mama Joel. Huyu mtoto simwelewi. Namwuliza wa nani wewe, ananijibu, bado."

Ethel alipiga magoti. Alitaka kumshika shingo, akajizuia. "Sija. Simama twende."

"Siendi. Namsubiri."

"Pili yuko Ndanda. Atarudi."

"Si mama Pili. Namsubiri aliyenitupa." Alisema kwa subira, kama anayemweleza mtu mgumu wa kuelewa. "Mwalimu kasema mama ni aliyekuzaa, mmoja tu. Basi ndiye alinitupa. Takataka hutupwa kila siku. Atakuja tena kutupa, nitamwona."

"Akija utamwambia nini?"

Sijaona alifikiri. "Nitamwonyesha kwamba nimekuwa mkubwa."

Bibi Esther alishusha pumzi puani. Moshi ulikuwa umewazunguka. Ethel alisikia kitu nyuma yake, kama mtu aliyesimama karibu akisubiri zamu yake ya kusema, akageuka haraka. Palikuwa na njia tu. Aliligeuza neno mdomoni. Alilisema mara moja maishani mwake mbele za watu, kwa fahari, kwenye baraza la Masasi. Alijua kwamba malaria haina masikio. Alijua hivyo kama anavyojua jina lake, na bado aligeuka tena kuitazama njia.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyekutupa ni mimi. Nilikuzaa mimi, nikakutupa mimi." Kisha, kwa sauti ile ile ya mkutanoni, isiyoweza kurudishwa: "Wewe ni mwanangu."

Bibi Esther alishika kuni zake kwa mikono miwili. "Mama Joel," alisema taratibu, "hilo umelisema hapa hapa."

Sijaona alimtazama Ethel usoni kwa muda mrefu, akitafuta mpumbavu. "Kwa nini ulinitupa?"

"Ili usichukuliwe."

"Na nani?"

Ethel alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi ya kitaalamu. "Sijui," alisema.

Mtoto alikubali jibu hilo kwa urahisi kuliko Ethel alivyotegemea. Alisimama, akajipangusa majivu matakoni, akamkabidhi kidumu ambebee.

* * *

Pili alirudi Jumapili. Alijua kabla hajafika. Pale kituoni, muuza kahawa aliyemwita Mama Sijaona tangu siku ya jembe alimwambia, "Pole na msiba, Pili." Hakuwa na ubaya, alikuwa amesikia tu, kama wengine. Mwanamke wa duka la khanga naye akasema, "Umerudi, Pili?" Alitembea mji mzima akikusanya jina lake la zamani, akafika uani kwa Ethel na vumbi la Ndanda miguuni.

Ethel alikuwa akifua yunifomu kwa maji ya kikombe. Sijaona alikuwa akichora chini kwa kijiti.

"Hodi hapa kwa Mama Sijaona," Pili alisema.

Ethel aligeuka kumtafuta anayeitwa. Kisha akaelewa, akasimama, povu likimtiririka kwenye viwiko. "Usinifanyie hivyo."

"Si mimi. Mji mzima unakuita hivyo sasa." Pili hakukaa. "Ulisema kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Pale pale?"

"Alikuwa amekaa pale. Ningefanyaje?"

"Ungenisubiri mimi."

"Angekaa jalalani siku mbili?"

Pili alitaka kusema jambo kali. Sijaona alikuwa amemwona, alikuja mbio akamkumbatia miguu, akasema, "Mama Pili, nimempata mpumbavu. Ni Mama Joel," kisha akajisahihisha, "ni mama." Pili aliinama. Mkono wake ulikwenda shingoni mwa mtoto, ukakaa hapo. Ethel alikuwa akiutazama mkono.

"Vipi?"

"Hana kitu," Pili alisema. "Jua tu."

"Hata mimi nimeona ni jua."

Walisimama wakimtazama mtoto anavyoruka mistari aliyochora. Alikohoa mara moja, wote wawili wakanyanyua vichwa.

"Meno yake vipi?" Pili aliuliza baadaye.

"Yote yamekaza."

"Nitakuja kesho kumpeleka chekechea. Kama unaruhusu."

"Pili, usiniombe ruhusa."

"Lazima niombe. Ni mwanao." Alifunga khanga yake upya, akaenda kufungua kufuli lake.

* * *

Mwalimu Queen alikata jina moja akaandika jingine, akaomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Filemoni alitafuta wimbo mwingine. Ofisini tarishi alimwambia Ethel, "Barua yako, Mama Sijaona," na akatabasamu, maana alidhani anampa zawadi. Muuza maji alimwita hivyo. Wakulima wa kule chini ya ukingo, waliosikia habari hata wao, walimwita hivyo wakamletea mabibo. Watu walikuwa wakarimu. Walionekana kupumzika, kama waliobebeshwa kitu kwa miaka na sasa wameruhusiwa kukitua.

Ilimchukua Ethel muda kidogo kugundua kilichopotea. Alikuwa nyuma ya nyumba, akimwagia majivu shina la mpapai, mchana mtupu, ndege hawalii. Ikamjia kwamba tangu jalalani hakuna mtu aliyetamka jina la Joel. Miaka yote hiyo lilikuwa likitamkwa kila siku, na muuza dagaa, na bosi wake, na watoto wa njiani, bila mtu kufikiria, na kila walipomwita yeye walikuwa wakimwita na yule wa Masasi. Gasper hakumtaja kamwe. Hakuna mwingine ambaye angemtaja.

Alitazama huku na huku. Alihakikisha yuko peke yake.

"Joel," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mtoto aje ale.

Jina lilikuwa zuri mdomoni. Alisubiri. Hakujua anasubiri nini.

"Abee, mama," Sijaona akaitika kutoka ndani ya nyumba.

Chombo cha majivu kilimtoka. Alisikia miguu midogo ikija kwenye sakafu, ikikimbilia mlango, kuitikia jina la aliyezikwa.

"Si wewe," Ethel alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, ili kila anayesikiliza asikie. "Rudi ndani. Sikukuita wewe."